Mama Clémentine, Muganga wa Timu

Mkono wa kuume wa Mama Clémentine uliacha kumtii asubuhi moja ya mwezi wa saba, akiwa anageuza ndagala walioanikwa juani. Alitaka kuokota samaki mmoja aliyeanguka nje ya mkeka, vidole vikakataa. Akadhani ni baridi ya upepo wa ziwa. Akajaribu kumwita jirani, mdomo nao ukaenda upande. Jua halijapanda vizuri, tayari alikuwa amefikishwa hospitalini juu ya pikipiki, kabanwa katikati ya watu wawili kama gunia la unga wa muhogo.

Alikuwa na miaka sitini na mmoja. Mtu wa Zongwe kwa kuzaliwa, mtu wa Kalemie kwa ndoa. Marehemu mumewe, Papa Germain, alikuwa na mitumbwi miwili ya kuvulia, na kwa miaka ishirini na miwili Mama Clémentine ndiye aliyewapikia wavuvi wake kumi na wanne: bugali, sombe ya majani ya muhogo, samaki wa mikebuka wa kuchoma. Wakirudi kutoka majini wamechoka na wamenuna, yeye alimtazama kila mmoja usoni akajua nani apewe kwanza, nani ameficha jeraha, nani ana homa na anajifanya mzima. Mtu wa namna hiyo, leo hata kijiko anashikiwa. Hebu fikiri.

Alirudi nyumbani baada ya wiki tatu. Mdomo ulikuwa umenyooka, mguu unaburuta kidogo, lakini mkono ulining'inia tu. Papa Pontien, yule kine anayezoeza viungo vya wagonjwa, akamletea kampira ka kubonyeza.

"Mama, mara mia asubuhi, mara mia jioni. Hivi vidole havijakufa, vimelala tu. Uvipatie kazi."

"Kazi ninaijua, Papa Pontien," akajibu. "Hii haiko kazi. Hii njo mupira."

Kampira kakawekwa dirishani, na huko kakapata vumbi.

Nyumbani alikuwa anaishi na mkwe wake, Sylvie, mke wa Wilfried, mtoto wake wa mwisho. Sylvie alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, binti wa karani wa gari-moshi, mtoto wa mjini ambaye aliolewa hajui kupasua samaki. Kwa miaka miwili hawakuwahi kugombana, na hiyo ndiyo ilikuwa shida yenyewe. Waliheshimiana kama watu wanaongoja mashua moja bandarini: habari ya asubuhi, habari ya kazi, lala salama. Mama Clémentine hakuwa amemzoea bado, na sasa alitakiwa afungwe vifungo vya blauzi na huyohuyo. Sylvie akija na sahani, anaambiwa, "Uache, nitafanya mwenyewe." Akija na fimbo ya kutembelea, "Uache." Neno hilo lilitumika sana mwaka ule katika nyumba ile.

Wilfried alikuwa fundi kwenye kituo cha umeme cha Bendera, na alikuja nyumbani Jumamosi mbili kwa mwezi. Umeme ukikatika mjini, majirani waliita juu ya ukuta, "Mama, mutoto wako amesinzia huko!" Ni yeye aliyeagiza kutoka Kigoma ile mashine ya kuchezea kwenye televisheni, na maneti zake nne, vile vidude vya kushika na kubonyeza. Jumamosi alasiri, Sylvie akishamaliza kusahihisha madaftari, walikaa sebuleni: Wilfried, Sylvie, na mwalimu mwenzake Sylvie, jirani yao, jina lake Patrick.

Mchezo wenyewe ulikuwa wa vita, ila si vita vya mtu na mtu. Watu wanne wanapigana upande mmoja, na upande wa pili ni madudu ya chuma yanayoshuka kutoka milimani, kundi baada ya kundi. Leo unalinda kisima, kesho gari-moshi, keshokutwa daraja. Kioo kinagawanyika vipande, kila mchezaji na kipande chake, na kila mmoja anachagua kazi. Kuna mwenye bunduki kubwa. Kuna wa mabomu. Kuna Mulinzi, ambaye ana ngao na anaweza kusimamisha ukuta popote anapotaka. Na kuna Muganga, ambaye amebeba chombo kinachotoa mwanga wa kijani: akimmulikia mwenzake, damu inarudi, mwenzake akianguka, anaenda kumwinua.

Kila mtu alitaka bunduki. Wilfried alitaka bunduki, Patrick alitaka bunduki, Sylvie alichukua mabomu. Wakaingia watatu na moto mkali, kundi la tatu la madudu likawamaliza. Wakarudia, wakamalizwa. Mama Clémentine alikuwa kwenye kiti chake pembeni, rozari mkono wa kushoto, anajifanya hatazami.

"Patrick anakufa," akasema ghafla.

"Mama?"

"Kale kamustari ka Patrick, pale chini. Kanakwisha. Munabaki munapiga tu, mwenzenu anakufa."

Na kweli, Patrick akaanguka. Wote watatu wakageuka wakamtazama. Hakuna aliyekuwa ameona ule mstari wa damu. Kila mmoja alikuwa anatazama adui wake.

Siku ile Sylvie aliitazama tu ile maneti ya nne, isiyo na mtu. Lakini Jumatatu, akirudi kutoka shule, alimkuta Papa Pontien anafoka kwa sababu ya kampira ka dirishani, akamvuta pembeni wakanong'onezana. Jumamosi iliyofuata akaja na maneti ya nne, akaiweka mapajani mwa mama mkwe wake.

"Papa Pontien anasema hii njo dawa. Hapa, kidole cha shahada cha mukono wa kuume. Unabonyeza, mwanga unatoka. Kulenga haiko lazima. Unamutazama tu mwenzako."

"Mimi nicheze mambo ya bunduki?"

"Muganga hana bunduki, Mama."

Hilo lilikuwa uongo kidogo, maana Muganga ana bastola ndogo kiunoni. Lakini kwa miaka yote iliyofuata Mama Clémentine hakuigusa hata mara moja.

Mara ya kwanza alitembea akagonga ukuta, akabaki anautembelea ukuta kwa nusu saa. Mara ya pili alitumbukia kisimani. Patrick alicheka mpaka akatoka nje kupumua. Kidole cha shahada kilikuwa kigumu kama kijiti. Ilibidi akisukume kwa kile cha kati. Jasho likamtoka. Halafu, kwenye kundi la pili la madudu, mwanga wa kijani ukatoka, ukamgusa Wilfried mgongoni, na ule mstari wake mwembamba mwekundu ukaanza kujaa.

"Mama, aksanti!" Wilfried akapiga kelele bila kugeuka, anaendelea kupiga.

Mama Clémentine alikuwa ameshageuka kumtafuta Patrick.

Basi ikawa hivyo. Mwanzoni Jumamosi tu, baadaye hata siku za kazi, Sylvie akirudi mchana, wawili peke yao. Vidole vilipata kazi bila kujua kwamba vinatibiwa. Papa Pontien alikuja akapima, akasema mwezi mmoja umefanya kazi ya mitatu, na akataka kujua bei ya mashine.

Na kumbe mama alikuwa na kipaji. Mikono yake ilikuwa mizito, hilo halikubadilika, lakini macho! Vijana walitazama mbele. Yeye alitazama watu wake. Alijua kwamba Patrick akibaki na risasi chache anaogopa kusema, kwa hiyo alimtupia kisanduku cha risasi kabla hajaomba. Alijua kwamba Sylvie akirusha bomu anasimama wima kulitazama linavyolipuka, na hapo ndipo anapigwa. Wilfried alimjua zaidi ya wote: huyo tangu utoto alikuwa wa kukimbilia mbele, ziwani, barabarani, kila mahali. Kwa hiyo alimfuata hatua sita nyuma, hakummulikia mapema, alingoja aumie kwanza ili dawa isipotee.

Siku nyingine alichukua kazi ya Mulinzi. Huko alijulikana kwa ubahili wa ukuta. Chombo cha kusimamisha ukuta kikitumika mara moja, kinachukua muda kujaa tena. Vijana walilia, "Ukuta, Mama! Ukuta!" Naye, "Bado." Madudu madogo yanawatafuna miguu. "Mama!" "Bado, nimesema." Halafu lile dudu kubwa, lenye pembe, likatokea kwenye kona, na ukuta ukasimama mbele ya pua yake, pwaa! Hapo ndipo walipoelewa alikuwa anangoja nini.

Habari zilifika parokiani. Papa Pierre, mkuu wa jumuiya ya mtaa, alikuja siku moja kumletea mgonjwa ekaristi, akasikia milio ya risasi tangu barabarani. Akaingia amekunja uso. Akamkuta Mama Clémentine amekaa wima, maneti mkononi, kitambaa cha kichwa kimekwenda kisogoni.

"Mama Clémentine! Wewe, wa Legio ya Maria, unauwa?"

"Papa Pierre, kaa kwanza, huyu ameanguka," akasema bila kumtazama. Akabonyeza, akabonyeza. Patrick akasimama kwenye kioo. Ndipo akageuka. "Mimi siuwe muntu. Mimi ninafufua. Leo peke yake nimefufua kumi na saba. Wewe umefufua wangapi?"

Papa Pierre alikaa. Aliondoka saa moja baadaye, na alipokuwa mlangoni aliuliza kwa sauti ya chini kama lile dudu la pembe lina watoto.

Sasa tuje kwenye daraja, maana hapo ndipo mambo yalipokorogeka.

Daraja lilikuwa hatua ya mwisho ya mchezo. Ni lazima timu ivuke kutoka upande huu mpaka ule, mita mia mbili hivi, madudu yanakuja mbele na nyuma. Jumamosi tano walijaribu, Jumamosi tano walishindwa. Ya sita, walifika mbali kuliko siku zote. Zilibaki hatua chache. Wilfried na Patrick walikuwa wameshagusa upande wa pili. Sylvie alikuwa karibu kugusa. Mama Clémentine, ambaye alibaki nyuma kama kawaida yake, akaangukiwa na dudu kutoka juu. Mstari wake ukaisha. Akalala.

Sylvie akageuka, akaanza kurudi.

"Uniache!" mama akasema. "Endelea mbele!"

"Ninakuya, Mama."

"Nimesema uniache! Pita!"

Sylvie akarudi. Alipiga magoti, akaanza kumwinua, maana kuinua mchezaji yeyote anaweza, ila kunachukua sekunde tano. Mama Clémentine, kwa hasira, akabonyeza kifungo cha kukataa msaada; ndiyo, kipo, kwa ajili ya mtu anayetaka kuanza upya. Kwenye kioo akatoweka. Sylvie akabaki peke yake katikati ya daraja, amepiga magoti mbele ya mahali patupu, na madudu yakamfunika. Mchezo ukaisha.

"Ungepita tu," mama akasema. "Mungeshinda. Kwa nini unarudia mzee?"

Sylvie aliweka maneti chini polepole.

"Kwa nini unakatala kila kitu, Mama? Kila kitu! Wewe unatuinua siku muzima, sawa. Muntu akitaka kukuinua wewe, inakuwa matusi. Hata Alhamisi."

"Alhamisi gani?"

"Alhamisi ulianguka kwenye nyumba ya kuogea. Usiniambie hapana. Nilikuwa jikoni, hatua kumi. Niliona kitenge chako kimelowa upande muzima, na goti limechubuka. Ulilala kwenye sementi, hukuniita. Ulilala muda gani? Ungekufa pale, mimi ninakoroga bugali, watu wangesema nini? Mimi ningesema nini kwa Wilfried?"

Wilfried aliangalia ukuta. Patrick akakumbuka ghafla kwamba ana madaftari nyumbani, akaaga.

Mama Clémentine alisimama, akachukua fimbo, akaenda chumbani mwake.

Alhamisi ile alikuwa amelala pale kwenye sementi karibu nusu saa. Alijua, kwa sababu alisali mafungu matatu ya rozari bila rozari, na kati ya kila fungu alijaribu kusimama. Alimsikia Sylvie jikoni anaimba wimbo wa watoto wa shule. Kuita ilikuwa neno moja tu. Lakini neno lenyewe lilikwama, kwa sababu maisha yake yote ni yeye aliyeitwa. Watoto wanane walimwita, wavuvi kumi na wanne, Germain akiwa anakufa alimwita mpaka sauti ikaisha. Hakujua inavyoanza, kumwita mtu. Jumamosi hiyo alilala na hasira, na asubuhi aliamka nayo, lakini ilikuwa imegeuka. Sasa alijikasirikia mwenyewe.

Jumapili walienda misa kimya. Jumatatu kimya. Jumanne jioni jua lingali juu, Sylvie alikuwa anapepeta unga uani, akasikia sauti kutoka nyumba ya kuogea.

"Sylvie! Kuya!"

Ungo ulianguka. Alikimbia miguu mitupu, unga mpaka kwenye nyusi, akasukuma mlango kwa bega.

"Umeanguka wapi? Mama, umeanguka?"

Mama Clémentine alikuwa amekaa vizuri kabisa juu ya kigoda, ndoo ya maji ya moto pembeni.

"Sijaanguka," akasema, na hakugeuza uso. "Mukono haufike kwenye mugongo. Tangu mwezi wa saba mugongo wangu haujasuguliwa. Nisugue."

Sylvie alisimama pale. Halafu akaanza kucheka, na kicheko kikaingia machozi, akajifuta kwa mkono wa unga, ikawa uji usoni. Akachukua kitambaa na sabuni. Alisugua mgongo ule mpana, mweusi, wenye alama ya zamani ya kamba ya wavu karibu na bega, na akauliza alama hiyo ni ya nini. Mama Clémentine akamweleza. Ikamwongoza kwenye hadithi nyingine, ya mvuvi aliyekuwa anaiba nyama chunguni, na nyingine, mpaka maji yakapoa na ikabidi yachemshwe tena. Sylvie alisema baadaye kwamba alijua mambo mengi ya ukoo wa mume wake kwa saa ile moja kuliko kwa miaka miwili ya ndoa.

"Wewe una mukono muzuri," mama akamaliza. "Muzito. Uliufichaje?"

Jumamosi iliyofuata Wilfried hakuja. Kulikuwa na kazi ya mashine huko Bendera. Waliingia darajani watatu. Mara ya kwanza walikufa mapema, kwa sababu Patrick alijifanya Wilfried. Mara ya pili walitembea pamoja kama kondoo, taratibu, bomu hapa, mwanga pale. Patrick akavuka. Na kama ilivyokuwa lazima itokee, dudu likamrukia mama.

Sylvie hakusogea; alimtazama mama mkwe wake, si kioo.

"Unangoja nini?" Mama Clémentine akafoka. "Niko chini! Kuya uniinue, haraka, na urushe bomu kwanza upande wa kushoto!"

Bomu likaruka. Sekunde moja, mbili, tatu, nne, tano. Muganga akasimama. Wakavuka wawili bega kwa bega, mstari wa Sylvie umebaki kama uzi, mwanga wa kijani umemfunika mpaka hatua ya mwisho. Patrick alipiga meza mpaka chai ikamwagika. Mama Clémentine alimkumbatia mkwe wake kwa mkono wa kushoto, na ule wa kuume, polepole, ukajisogeza wenyewe mgongoni mwa Sylvie ukashika blauzi.

Wilfried alipopigiwa simu alinuna kama mtoto. "Munavuka daraja bila mimi?"

"Bila wewe njo imewezekana," mama yake akamwambia.

Mkono haukupona wote. Leo anashika mwiko, anafunga vifungo vikubwa, ila uzi na sindano vimemshinda, na anasema hivyo mbele ya watu bila shida. Patrick alipata kazi kwenye shule moja ya Moba akapanda mashua, na nafasi yake ikabaki wazi muda mrefu. Kisha mwezi uliopita alifika kutoka Zongwe dada mkubwa wa Mama Clémentine, yaya wake Odile, mama wa miaka sitini na saba, mwembamba, mkali wa maneno, aje kumtazama mgonjwa. Alimkuta mgonjwa anapiga kelele mbele ya televisheni. Akauliza ni nini. Akaelezwa. Akapewa maneti, akaulizwa anataka kazi gani: Mulinzi, Muganga, mabomu, ama bunduki.

"Bunduki," akasema Mama Odile. "Ile kubwa."

Akakimbia mbele peke yake, risasi zote zikaisha mawinguni, akaanguka kabla ya kundi la kwanza kumaliza kushuka. Mama Clémentine akashusha pumzi, akafunga kitenge vizuri, akaanza kwenda, kwenye kioo, alipolala dada yake.

"Bakia hapo hapo, yaya," akamwambia. "Ninakuya."